Mkandarasi ametulipisha klasta ya "kujiongeza yenyewe", na nodi pepe hazijawahi kufanya kazi

Wanajamvi, salamu.

Nimenyamaza miezi mitatu, lakini leo imenifika shingoni. Taasisi yetu ya utafiti ilimlipa mkandarasi atujengee klasta, yaani kundi la kompyuta (nodi) zinazofanya kazi pamoja, inayoratibiwa na Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi na kuzigawa kwa nodi, na mkataba ulisema wazi kwamba foleni ya kazi ikirefuka, nodi pepe, yaani mashine za kukodi kwa muda, zitaongezwa zenyewe kutoka kwenye wingu, na kazi zikiisha zitazimwa. Fedha alikwisha kulipwa zote. Mpaka ninapoandika, hakuna nodi pepe hata moja iliyomaliza kazi ya mtafiti.

Juzi usiku niliketi kufuatilia kazi moja ya mwanafunzi wa uzamili anayechambua vinasaba vya mbu, ambaye siku zake za kuwasilisha tasnifu zinahesabika. Kazi ilitoka kwenye foleni ikaonyesha CF, yaani nodi inaandaliwa, na alama ya #, inayoonyesha nodi inawashwa, ikatokea kando ya hali ya nodi. Huko kwenye wingu mashine ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Dakika moja baadaye nodi ikaandikwa "down" (haitumiki), sababu yake "ResumeTimeout reached", yaani muda wa kuisubiri iwake umekwisha, na kazi ya yule kijana ikarudishwa kwenye foleni.

Mashine hizi huchukua takribani dakika 4 kuwaka, kupachika diski ya pamoja na kuanzisha slurmd, programu ya Slurm inayokaa kwenye kila nodi. Slurm, usipoielekeza vingine, husubiri sekunde 60 tu. Mkandarasi hakuigusa namba hiyo, wala hakuigusa ReturnToService, mpangilio ambao ukiachwa kwenye 0 humaanisha kwamba nodi iliyochelewa, hata ikija kujitambulisha baadaye, haipokelewi mpaka msimamizi airejeshe kwa mkono. Saa nane za usiku, msimamizi huyo ni mimi.

Kilichonikasirisha zaidi ni skripti ambayo Slurm huiita ili kuzima nodi. Nimeifungua: ndani mna "exit 0" peke yake, yaani inasema "nimefaulu" bila kufanya lolote! Slurm inaamini nodi imezimwa, kumbe mashine inaendelea kuwaka bila kazi, na bili ya wingu inakuja kwetu kila mwezi.

Nilipomlalamikia mkandarasi, alijibu kwamba niongeze majina ya nodi kwenye slurm.conf (faili la mipangilio ya Slurm) kisha niwashe upya slurmctld (programu kuu ya Slurm) kila ninapohitaji nodi. Hilo silo tulilonunua. Tangu toleo la 22.05 la Slurm, nodi inaweza kujisajili yenyewe kwa kuanzisha slurmd na chaguo la -Z, mradi MaxNodeCount (kikomo cha idadi ya nodi) imewekwa, na toleo tulilofungiwa ni jipya kuliko hilo.

Jumatatu ninapeleka barua kwa uongozi. Ninadai arekebishe kwa gharama yake, arudishe fedha za mashine zilizowaka bure, na makabidhiano yarudiwe mbele yetu: kazi iingie, nodi izaliwe, kazi imalizike, nodi izimwe na ionekane imezimwa kwenye akaunti ya wingu. Waliowahi kusimamia makabidhiano ya namna hii, naomba mnieleze vipimo mlivyoviandika kwenye hati zenu, niviambatanishe.