Naomba ushauri: niache picha za harusi nifuate picha za maisha ya watu?

Wakuu, habari zenu. Nipo Tanga, nina miaka 26, mkate wangu ni harusi na kipaimara. Ila moyo uko kwa mafundi wa majahazi. Miezi minne sasa nawapiga picha wakitia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao maji yasiingie. Mzee mmoja vidole vimepinda kwa kushika tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, tangu utoto.

Anayenitia moyo ni mpiga picha za habari Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963. Picha zake za njaa ya Ethiopia 1984 ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 mlipuko Addis Ababa ulimkata mkono, akarudi kazini!

Mliopita njia hii, mlianzaje kupata wanunuzi? Na wale wazee, niwalipe au niwapelekee picha zao? Hili linaninyima usingizi.