Mdogo wangu ameambiwa ana IBS: aanzie wapi, na ale nini?

Nuru_Alfajiri (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili kwa undani.

Mdogo wangu ni mwanaume wa miaka 27. Tumbo linamsokota huu mwezi wa kumi na nne. Maumivu huja siku tatu au nne kwa wiki, chini ya kitovu upande wa kushoto, na hupoa akishaenda haja. Asubuhi anaenda chooni mara tatu hadi nne kabla ya saa tatu, choo laini au cha maji kabisa. Jioni tumbo linajaa gesi mpaka suruali inambana. Usiku analala vizuri, damu hakuna, uzito haujashuka, na kwenye ukoo hakuna mwenye saratani ya utumbo. Choo kimepimwa, hakuna minyoo wala amiba. Picha kamili ya damu ni nzuri.

Daktari amesema ni IBS, yaani utumbo unaosumbuka mara kwa mara bila kuonekana ugonjwa mwingine, na kumwambia aepuke vyakula vinavyomsumbua. Havijui! Ameshaacha ngano, maziwa, maharage, mayai, nyama nyekundu na matunda yote, na bado tumbo ni lile lile. Nauliza: kuna kipimo kimesahaulika? Atavijuaje vyakula vyenyewe? Na asubuhi akitoka kwenda kazini atumie nini asije akaadhirika njiani?

Mizani

Dada, pole, na umeeleza vizuri. Maelezo yako yanalingana na vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari huvitumia kuitambua IBS: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki ndani ya miezi mitatu iliyopita, yanayoambatana na angalau mawili kati ya haya matatu: kuhusiana na kwenda haja, idadi ya choo kubadilika, sura ya choo kubadilika; na dalili zilianza miezi sita nyuma au zaidi. Kwa hiyo daktari hakubahatisha.

Vipimo viwili bado naviona vinakosekana, kwa sababu anaharisha. Cha kwanza ni kalprotektini ya kinyesi, kinachoonyesha kama utumbo una uvimbe wa ndani. Kwenye IBS kwa kawaida huwa chini. Kikiwa juu sana, hapo tunazungumzia ugonjwa mwingine na atahitaji kuchunguzwa utumbo kwa kamera. Cha pili ni damu ya kutafuta kingamwili za siliaki, yaani ugonjwa ambao mwili unazishambulia kuta za utumbo kwa sababu ya gluteni ya ngano, shayiri na rai.

Sasa angalia mtego: ameshaacha ngano. Kingamwili hizo hushuka mtu asipokula gluteni, na kipimo kinaweza kutoka safi hali ugonjwa upo. Arudie kula ngano kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa muda usiopungua wiki sita ndipo atolewe damu. Najua inauma kumwambia mtu anayeumwa arudie chakula anachokiogopa, lakini jibu la uongo litamfuata miaka mingi.

Aangalie pia dawa anazotumia kwa mambo mengine. Metformini, dawa ya kisukari, na dawa za kiungulia zenye magnesi huharisha. Na kama amewahi kutolewa kibofu cha nyongo, amwambie daktari, maana nyongo inayomwagika ovyo kwenye utumbo mpana huleta kuharisha kunakofanana sana na huku, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Kisima_cha_Bondeni

Mimi naona ni rahisi tu. Aache ngano na maziwa maisha yote, na ale pumba za ngano kijiko kimoja kila asubuhi zikaushe choo. Tumbo litatulia.

Jiko_Taratibu

Mkuu Kisima, hapo unamwachisha ngano kwa mkono mmoja na kumlisha kwa mwingine. Pumba zina nyuzi ngumu zisizoyeyuka. Kwa utumbo wa namna hii huongeza gesi na msokoto. Nyuzi zinazosaidia ni zile zinazovuta maji na kuwa kama uji mzito: oti, na maganda ya mbegu za psyllium, ambayo wengine huyaita isabgol. Hizi hukamata maji kwa anayeharisha na hulainisha choo kwa aliyefunga. Aanze na gramu 3 hadi 4 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichojaa hivi, ndani ya glasi nzima ya maji, na anywe papo hapo kabla hazijaganda. Aongeze kidogo kidogo kila wiki mpaka karibu gramu 10. Akianza na nyingi siku ya kwanza atajaa gesi na kuzisingizia bure. Asizile kavu, asizinywe anapokwenda kulala, na dawa nyingine azitenganishe nazo kwa saa mbili.

Dada Nuru, kabla ya kuacha chakula chochote, mdogo wako aandike daftari kwa siku 14. Mstari mmoja uwe hivi: «Jumanne. Saa 1:30 asubuhi, kahawa ya maziwa vikombe 2, mkate vipande 3, mayai 2 ya kukaanga. Saa 1:50 msokoto 6 kwa 10. Choo mara 3, aina ya 6. Usiku nimelala saa 5, kazini kuna makadirio ya mwezi.» Aina ya choo aitoe kwenye chati ya Bristol: 1 ni vipande vigumu kama gololi, 4 ni laini kilichoshikana, 7 ni maji matupu.

Tena aangalie saa kwa makini, maana hapo ndipo watu wengi hukosea mshitakiwa. Tumbo likisokota dakika 20 baada ya kuanza kula, chakula hicho bado hakijafika utumbo mpana. Kilichotokea ni kwamba tumbo lilipopanuka liliuamuru utumbo mpana usukume vilivyomo, na kwa mwenye IBS amri hiyo hupokelewa kwa nguvu kupita kiasi. Kinachoichochea ni ukubwa wa mlo, mafuta mengi na kahawa. Gesi ya jioni ni habari nyingine: hiyo hutokana na sukari ambazo utumbo mwembamba haukuzifyonza, zikafika chini saa kadhaa baadaye na bakteria wakazichachusha. Kwa hiyo msokoto wa asubuhi utibiwe kwa kupunguza mlo, mafuta na kahawa. Kujaa kwa jioni kutafutwe kwenye chakula cha mchana na hata cha asubuhi. Ameacha mayai na nyama pengine kwa sababu ya msokoto wa haraka. Vitu hivyo havina sukari za kuchachuka. Avirudishe, vikiwa vimechemshwa au kuokwa kwa mafuta machache.

Baada ya kipimo cha siliaki ndipo aingie kwenye mlo wa FODMAP ndogo, yaani wenye sukari chache za kuchachuka kama nilizozitaja, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Aondoe kwa pamoja vitunguu vya aina zote mbili (maji na saumu), ngano, maharage na jamii yake, maziwa yenye laktosi (sukari ya maziwa), asali, tufaha, embe, tikitimaji, uyoga, koliflawa, na bazoka zisizo na sukari, ambazo huwa na sobitoli, kitamu kisichofyonzwa vizuri. Abaki na wali, viazi, oti, karoti, tango, mchicha, machungwa, ndizi ambayo haijaiva sana, mayai, samaki na kuku. Wiki mbili hadi sita, basi. Wiki ya sita ikipita bila nafuu, mlo huu si wake. Aurudishe mlo wa kawaida wote.

Akipata nafuu, huo ni mwanzo tu wa kazi. Arudishe kundi moja moja kwa siku tatu, kiasi kikipanda, huku mengine yote yakibaki nje. Maziwa: robo kikombe, nusu, kikombe kizima. Kisha apumzike siku mbili tatu. Maharage: vijiko viwili vya chakula, robo kikombe, nusu kikombe. Kitunguu maji ajaribu peke yake, saumu peke yake, mkate peke yake, kwa sababu wengi hukataliwa na kimoja na kuelewana na viwili. Msokoto ukija siku ya pili, anasimama hapo na kuandika kiasi kilichomshinda. Mtu akikwama kwenye hatua ya kwanza kwa hofu, bakteria wazuri wa utumbo wanapungua, lishe inakuwa duni, na mwisho anaogopa kula mbele za watu. Tafadhali msimwache afike huko.

Kisima_cha_Bondeni

Nimekuelewa, Jiko. Pumba nazifuta.

Dozi_Sahihi

Nijibu la asubuhi. Loperamaidi miligramu 2, nusu saa hadi saa moja kabla ya kutoka, siku anazojua atakuwa mbali na choo. Kwa dawa ya kununua bila cheti asivuke miligramu 8 kwa siku. Dozi kubwa mno huvuruga mapigo ya moyo. Akiwa na homa au damu kwenye choo asiiguse kabisa. Dawa hii inapunguza mwendo wa choo, haitulizi maumivu, ndiyo maana wengine hukata tamaa nayo mapema.

Kwa msokoto: meveberini miligramu 135 mara tatu kwa siku, dakika 20 kabla ya kula, au kapsuli za mafuta ya peremende zenye ganda lisiloyeyuka tumboni. Kapsuli hizo zimezwe nzima. Zikitafunwa, mafuta humwagika juu na kuleta kiungulia. Zisimezwe pamoja na dawa za kupunguza asidi, kwani nazo hulifungua ganda kabla ya wakati.

Haya yasipotosha kwa miezi michache, aulizie amitriptilini ya dozi ndogo, miligramu 10 usiku. Utafiti wa ATLANTIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023, uliipandisha polepole hadi miligramu 30 kwa kadiri ya dalili, na wagonjwa walipata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Akiambiwa ni dawa ya sonona asifadhaike. Kwa dozi hii inatuliza neva za utumbo, na tabia yake ya kufunga choo inamfaa anayeharisha. Mdomo utakauka, na asubuhi za mwanzo atahisi usingizi.

Mtulivu_K

Nami niulize hapo hapo: anayefunga choo afanye nini? Laktulosi inajaza gesi balaa.

Dozi_Sahihi

Ndugu, laktulosi ni sukari isiyofyonzwa; bakteria huichachusha kama maharage, hivyo kwenye IBS haifai. Omba makrogoli, dawa nyingine ya kulainisha choo; haichachuki. Halafu kaa chooni miguu ikiwa juu ya kigoda cha sentimita 20 hivi, magoti yapite kiuno, uegemee mbele, baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo wenyewe unasukuma. Usikamue.

Nuru_Alfajiri

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Tumepanga hivi: kesho anaanza daftari na anarudia mkate, mlo wa asubuhi anaugawa mara mbili, kahawa kikombe kimoja, damu ya siliaki baada ya wiki sita. Kalprotektini anapeleka wiki hii. Swali la mwisho: wakati wa FODMAP, mboga bila kitunguu wala saumu italika kweli?

Jiko_Taratibu

Italika, dada. Sukari ya saumu huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga punje nzima kwenye mafuta matupu kwa moto mdogo mpaka zianze kupata rangi, zitoe zote, ndipo utie nyanya au mboga. Ukitia maji punje zikiwa bado ndani, sukari imeshaingia kwenye mchuzi na kuzitoa hakusaidii tena. Mafuta hayo yatumike siku hiyo hiyo, msiyaweke kabatini, bakteria wa sumu ya botulini hukua humo bila harufu. Badala ya kitunguu, tumia majani ya kijani ya kitunguu cha majani, sehemu nyeupe itupe. Na someni pakiti ya kila kiungo cha mchuzi: wengi wanaacha kitunguu kwa uangalifu mkubwa, kumbe unga wake umo kwenye kile kijimchemraba.