Naomba ushauri: nataka kumpeleka mzee kuona Safari Rally

Wadau, shikamooni wakubwa. Baba yangu ni shabiki wa Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, tangu enzi za Pasaka za mvua na matope. Joginder Singh aliposhinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, na Shekhar Mehta alipotwaa mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun, mzee alikuwa kando ya barabara. Walikesha wakisubiri taa zichomoze gizani! Akisimulia hayo uso wote unang'aa.

Sasa anatamani kuyaona tena, Naivasha. Magoti yanamsumbua na vumbi linamkohoza sana. Kati ya sehemu magari yanapopita, yaani Kedong, Soysambu na Hell's Gate, wapi mtu mzima anaweza kuketi kivulini bila kutembea mbali? Tufike saa ngapi?