Tupeane uzoefu: brauza inajiendesha yenyewe, ya kwako shida ilikuwa nini?

Mbukwenyi wakuu. Nina laptopu yangu ya kazi, sio mpya ila haijawahi kunisumbua, sasa wiki ya tatu hii Chrome kama imepandwa na mashetani. Niko zangu najaza fomu mara kunafunguka ukurasa wa kubeti, nafunga, unafunguka wa dawa za kupunguza tumbo, nikitafuta kitu majibu yanakuja kwenye mtandao mwingine hata siujui. Juzi nimeiunganisha na projekta kwenye kikao huku Mtumba, likatokea tangazo la kubeti ukuta mzima, bosi akakohoa tu. Nikapeleka kwa fundi akapiga Windows upya kwa elfu 20, nikapata siku moja ya amani, kesho yake jioni yale yale. Yaliyowakuta mwageni hapa, ila kama unakuja kuniambia ninunue nyingine naomba uipite hii mada.

Mdau wa Nkuhungu
Yangu ilikuwa ujinga wangu mwenyewe. Natafuta pa kuangalia mpira bure, ikaja picha imeandikwa bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe sio roboti, nikabonyeza. Tangu siku hiyo kona ya chini kulia kila dakika "kompyuta yako ina virusi 5". Virusi hamna, niliwapa tu ruhusa ya kunitumia arifa. Nenda vidoti vitatu, mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa, futa kila jina usilolijua. Dakika mbili kazi imeisha.

Mwalimu, Kondoa
Mkuu yangu mimi mpaka leo wenzangu ofisini wananicheka. Nikibofya kitu chochote kinafunguka ukurasa mpya, nikisogeza juu maandishi yanakua makubwa mpaka herufi moja inajaza kioo, halafu kubwa kuliko zote, nikianza kuandika "wanafunzi" ukurasa unafungika pale pale kwenye W. Nikaandika "tarehe", unafunguka mwingine mtupu. Nikasema hapa kuna mtu anaiendesha laptopu yangu akiwa mbali, nikazima intaneti, bado! Siku tatu sijaingiza matokeo.

Kumbe mwanangu alimwagia juisi ya zabibu kwenye kona ya kibodi na akapafuta vizuri tu asichapwe, kitufe cha Ctrl kikaganda chini. Ctrl na W inafunga ukurasa, Ctrl na T inafungua, ndio mchezo wote huo. Nilijua pale nilipofungua ile kibodi ya kwenye kioo nikaona Ctrl inawaka na sijagusa kitu. Nikazima mashine, nikang'oa kile kitufe taratibu, pamba na spiriti kidogo. Chini yake palinata kama gundi.

Fundi fulani hapa Majengo
Nyie mnaongelea brauza tu. Ikiwa mshale unakimbia wenyewe na kubofya hovyo, kabla hujagusa programu yoyote iweke laptopu mezani, iangalie kwa ubavu. Ikibembea, au tachipedi imeinuka upande mmoja na haibonyezeki vizuri, hiyo ni betri imevimba inasukuma kutoka chini. Nimeletewa moja ya mdada wa chuo, kashaifomati mara mbili, nafungua skrubu mfuniko ukaruka wenyewe, betri imetuna kama andazi. Usiitoboe, usiikandamize irudi, usiendelee kuichaji, inaweza kuwaka. Peleka itolewe.

Mdau wa Area C
Mimi mshale ulikuwa unarukaruka nikichomeka chaja tu, nikichomoa unatulia. Nikabadili chaja, basi.

Dada wa Kisasa
Mleta mada, ulivyopigiwa Windows ukaingia Chrome kwa akaunti ile ile? Maana viendelezi (extensions, vile vijiprogramu unavyoongeza kwenye Chrome) vinafuata akaunti. Hata ufomati mara kumi, ukiingia tu na usawazishaji (sync) umewashwa vinajishusha vyote upya, na yule mchawi akiwemo. Fungua Chrome kama mgeni (Guest), yaani bila kuingia kwenye akaunti yako, utumie nusu saa. Ikitulia, ujue tatizo liko kwenye akaunti yako.

Mleta mada
Dada wa Kisasa Mungu akubariki. Kwa mgeni ikatulia tuliiii. Nikarudi kwangu nikavizima viendelezi vyote, nikawa nawasha kimoja kimoja kila baada ya robo saa, cha nne tu lile tangazo likarudi. Ni kile cha bure cha kugeuza PDF kuwa Word, nilikiweka mwaka jana nikakitumia mara moja. Nimekitoa, nikarudisha mipangilio ya mwanzo, leo siku ya tano kimya.

Fundi nimempigia kuhusu ile elfu 20 yangu, anasema ile ilikuwa ya Windows, na Windows si inafanya kazi?