Kikundi cha Familia: Siku ya Bibi kule Brugge

Jumatano

Mama Mkubwa Mwajuma (saa 1:05 usiku): Assalaam alaykum wapendwa. Kama tulivyoahidiana Bibi alipowasili kutoka Pangani, Jumamosi hii tutampeleka Brugge tukashinde huko mchana kutwa. Treni kutoka Brussels huchukua takriban saa moja, kwa hiyo naomba anayekuja aniandikie kabla ya kulala.

Mama Mkubwa Mwajuma (saa 2:50 usiku): Naona ujumbe umesomwa na watu tisa na hakuna aliyejibu. Narudia mpango. Tukishuka hatutakimbilia uwanja wa soko ambako watu hujazana, bali tutapita kando ya maji ya Minnewater na kuingia Begijnhof, makazi ya wanawake wachamungu yaliyoanzishwa mwaka 1245, ambamo sasa wanaishi masista wa Kibenedikti na mgeni huombwa anyamaze. Kisha twende Kanisa la Mama Yetu kuitazama sanamu ya marumaru ya Mariamu na mwanawe, kazi ya Michelangelo, ambayo Wafaransa waliichukua mwaka 1794 na Wajerumani mwaka 1944, na mara zote mbili ikarudishwa. Baada ya chakula ni mashua ya nusu saa, halafu mnara wa kengele.

Hamisi (saa 3:15 usiku): Shikamoo Mama Mkubwa. Mnara huo una ngazi 366, nami nitazipanda zote, mradi Zuhura asidai kubebwa kama kule Dinant.

Zuhura (saa 3:16 usiku): Kule Dinant ulibeba mkoba wangu tu.

Hamisi (saa 3:16 usiku): Mkoba ule ulikuwa na uzito wa mtu mzima.

Mama Mkubwa Mwajuma (saa 3:20 usiku): Wanangu, nimeuliza idadi ya tiketi, sikuuliza habari za mkoba.

Mjomba Bakari (saa 4:40 usiku): Dada, nasema bila hasira. Kule Gent nililipia mashua ya watu sita, nikaenda kumtafutia mtoto maji, na niliporudi mlikuwa mmekwisha ondoka. Hadi leo hakuna aliyeniuliza nilikaaje pale gatini. Kama Brugge itakuwa vilevile, mimi nitabaki nyumbani.

Mama Mkubwa Mwajuma (saa 4:43 usiku): Kaka, nilikuita mara tatu, na mwenye mashua hakukubali kusubiri.

Mama Mkubwa Mwajuma (saa 4:51 usiku): Ujumbe huu umefutwa.

Alhamisi

Bibi (saa 12:20 asubuhi): Wanangu, nimesomewa yote. Bakari aliachwa peke yake, na hilo si jambo dogo. Mwajuma, mpe ndugu yako haki yake. Ama mimi, magoti yangu hayapandi tena minara. Nimeambiwa mji huo ulikuwa bandari kubwa, mpaka mkondo wa Zwin uliouunganisha na bahari ukajaa mchanga, na biashara ikahamia Antwerp. Mimi ni mtu wa Pangani, nimekulia katika mji ambao biashara yake ilichukuliwa na Tanga, na nataka kuuona mwenzake. Niketisheni kando ya maji, Bakari akae nami, nanyi mzunguke mtakavyo. Msinihimize.

Hamisi (saa 3:02 asubuhi): Tumesikia, Bibi.

Mama Mkubwa Mwajuma (saa 7:30 mchana): Nimekusikia, Mama. Kaka Bakari, niwie radhi. Nilipaswa kushuka nikusubiri. Mnara nimeuondoa kwenye mpango, anayeutaka ataupanda peke yake. Mashua tutapanda ikiwa wewe utapanda.

Mjomba Bakari (saa 10:05 jioni): Yameisha, Dada. Nitakuja na chupa ya chai ya tangawizi. Habari ya mashua nitaiamua huko huko.

Zuhura (saa 12:40 jioni): Samahani Mama Mkubwa, Jumamosi nina zamu ya kazi hadi adhuhuri. Je, Jumapili haiwezekani?

Mama Mkubwa Mwajuma (saa 12:44 jioni): Zuhura, hilo ungelisema jana. Naomba wote mseme sasa, Jumamosi au Jumapili.

Baba Faraji (saa 5:10 usiku): Niwieni radhi, ndiyo kwanza nasoma. Ikiwa ni Jumamosi niwekeeni nafasi mbili. Ikiwa ni Jumapili nitawajulisha.