Tupeane uzoefu: TB ilipoingia nyumbani kijijini, mliishije?

Jembe Butu: Jirani anakohoa usiku kucha, nikamkumbuka mzee wetu kule Singida. Watu husema dawa ya TB ni bure. Kweli, kidonge hulipii. Lakini nauli ya bodaboda hadi kituo cha afya, chakula cha kumezea dawa, kibarua kilichosimama, hivyo alilipa nani? Sisi tuliuza mbuzi, kisha zikafuata bati tulizonunua hata kabla hazijaezekwa. Wenzangu mlifanyaje?

Mama Tatu: Njaa jamani! Mwanzoni mume wangu hamalizi hata kikombe cha uji. Dawa ilipomkolea akawa anafuta sufuria, watoto wanamtazama. Na ilikuwa Februari, ghalani hamna kitu, mahindi bado yako shambani mabichi.

Lakini kibaya zaidi ni mkojo. Asubuhi moja katoka chooni anatetemeka, kakojoa rangi ya chungwa, karibu nyekundu. Mama mkwe akapiga yowe kwamba nimemtilia mwanawe sumu. Kikao kikaitwa hapohapo, wazee uani, mimi nimekalishwa chini, na uamuzi ukawa dawa zote zifukiwe. Nikazifunga kwenye kanga nikatoroka nazo hadi zahanati. Nesi akachukua simu akampigia mama mkwe: "Mama, hiyo ni rangi ya dawa. Acha aendelee kumeza." Sasa si angetuambia siku ile ya kwanza?

Kisimani: Mkojo huo! Kwetu aliitwa mganga kabisa.

Nyoka wa Mererani: Mimi wajomba walinichongea jeneza huku nasikia randa.

Kisimani: Weee! Hebu simulia.

Nyoka wa Mererani: Nimekula vumbi la shimoni miaka, nikarudi nyumbani mifupa mitupu, nakohoa damu. Mjomba kasema mbao zitapanda bei msimu wa mavuno, bora zinunuliwe mapema. Fundi alikuja na kamba, eti anapima kitanda! Binamu yangu ndiye aliyegoma, akanibeba hadi Kibong'oto. Hospitali ile ina kazi hiyo ya vifua tangu 1926. Nimemaliza dozi, nimerudi na kitambi.

Mzizi Mkavu: Wewe kilikuwa cha kawaida. Kikohozi cha kutupiwa hakisikii vidonge. Mwarobaini na mafusho, kisha uje unishukuru.

Dada wa Zahanati: Mzee, mwarobaini kunywa ukitaka, ila usimwachishe mtu dawa. Dozi ya kawaida ni miezi 6. Akiacha mwezi wa pili kwa sababu kapata nafuu, vijidudu vinaweza kuwa sugu, na tiba ya hivyo ni ngumu zaidi. Wanaoishi naye nao wapimwe, na watoto chini ya miaka 5 wapewe dawa ya kinga. Na acheni kuwatengea wagonjwa sahani, TB inapita hewani. Fungueni madirisha.

Baridi ya Makete: Dirisha lipi, dada? Huku Juni ukifungua, kichomi kinakuwahi kabla ya TB.

Mzizi Mkavu: Mmeona? Hawa wanakariri tu.

Mama Tatu: Mzizi Mkavu, wewe ndiye yule mganga wa mama mkwe wangu au?

Mfugaji Mstaafu: Na maziwa chemsheni, ng'ombe naye ana TB yake. Ingawa babu yangu alikunywa mabichi hadi uzeeni.

Kisimani: Sasa babu, tushike lipi?

Mji Kasoro Bahari: Huku Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, kuna panya buku waliofundishwa kunusa makohozi. Wakishtukia sampuli iliyoonekana safi, inapimwa upya maabara. Msimdharau panya.

Jembe Butu: Turudi kwenye mada. Nauli mlipataje?

Mama Tatu: Kikoba. Niliwaambia nakopa ya mbegu. Kumbe nusu ya wanachama walikuwa wanajua, walikaa kimya tu.

Baridi ya Makete: Nyoka, mbao zile ziko wapi?

Nyoka wa Mererani: Mlango wa jiko na benchi la wageni. Mjomba akija hakalii.

Kisimani: Na fundi alilipwa?

Nyoka wa Mererani: Nusu. Nyingine aliahidiwa siku ya mazishi, sasa kila tukionana sokoni ananiangalia vibaya.

Kisimani: Mlipe, mkuu, asije akakupima tena.