Naomba ushauri: chembe za dhahabu hazitulii kwenye kioo

Hamjambo wakuu. Nafanya utafiti wa uzamili hapa Kisumu. Nataka kupanga chembe za nano (ndogo mno, hazionekani kwa macho) za dhahabu juu ya kioo ziwe tabaka moja, ili baadaye nipime viuatilifu katika maji ya Ziwa Victoria kwa mwanga wa leza.

Kuzitengeneza si tatizo. Natumia njia ya Turkevich ya 1951, kloridi ya dhahabu ikichemka naongeza sitreti (kemikali itokanayo na asidi ya limau), na rangi inatoka nyekundu safi ya divai. Taabu ni kukausha. Tone likikauka, chembe zote zinakimbilia ukingoni, katikati panabaki patupu. Nikitia chumvi kidogo ili zisogeleane, maji yanageuka zambarau halafu samawati: zimeshikamana ovyo kabla hata ya kufika kwenye kioo. Inaniumiza, maana dhahabu ni ghali.

Nimesoma kwamba kioo kikipakwa sileni yenye amino (kemikali ya silikoni inayong'ang'ania kioo) hupata chaji chanya, kikazivuta chembe hizi zenye chaji hasi. Aliyewahi kufanya hivyo, unakiosha vipi kwanza? Na huu unyevu wa hewa ya ziwani hauiharibu sileni? Pia, kuna maabara upande wa Magharibi au Nakuru yenye hadubini ya elektroni inayopokea wanafunzi wa nje?